Kabla ya kutaja bei, jua kilo moja imekugharimu kiasi gani

Ndugu mkulima, ukiulizwa unauza mahindi bei gani, usijibu, "Kama wenzangu tu." Kwa maoni yangu hiyo si bei, ni kufuata mkumbo. Huenda jirani yako alitumia samadi ya ng'ombe wake na kupalilia na familia, wakati wewe ulinunua mbolea na kulipa vibarua. Mkiuza bei moja, yeye anapata faida na wewe unatoa sadaka.

Najua bei ya soko hupangi wewe. Lakini ukiijua gharama yako, utajua lini ukatae na wapi upunguze.

Chukua daftari. Tuseme ekari moja imekula sh. 450,000: kulima, mbegu, mbolea, palizi, kuvuna, kupukuchua, na nguvu zako mwenyewe. Ukipata kilo 1,200, kila kilo imekugharimu sh. 375. Ukiuza chini ya hapo ni hasara, hata kama umeshika noti mkononi.

Sasa tuje kwenye kuboresha. Wengi wakisikia neno hilo wanawaza mashine. Mimi nasema anza pale pesa inapovuja zaidi.

Kwanza, kipimo. Tuseme gunia la kilo 100 ni sh. 60,000. Ukikubali lumbesa ya kilo 120 kwa bei ileile, kilo zako 1,200 zinatoa magunia 10 badala ya 12. Umepoteza sh. 120,000 kwa ekari moja, na lumbesa yenyewe imekatazwa kisheria. Wakulima kumi mkichangia mizani moja iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, itawasaidia misimu mingi.

Pili, ghala. Ukipanga kuuza baada ya miezi mitano, mifuko isiyopitisha hewa inafaa. Kumi na miwili kwa sh. 5,000 kila mmoja ni sh. 60,000. Dumuzi wakila kilo 120 tu, kwa sh. 600 umepoteza sh. 72,000. Lakini kama unauza wiki mbili baada ya kuvuna, usiinunue. Hiyo ni gharama bila faida.

Tatu ndiyo mashine. Kama kupukuchuliwa gunia ni sh. 2,000, magunia 12 ni sh. 24,000 kwa msimu. Kwa kiasi hicho, kodi. Mashine ya mamilioni inunuliwe na kikundi chenye mzigo wa kuishughulisha.

Nawe mfanyabiashara wa kijijini, usicheke. Ukinunua kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 na kuzikausha hadi 13, zinabaki kilo 92 hivi. Ulidhani umenunua kwa sh. 600, kumbe ni karibu sh. 650. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Mlipe vizuri zaidi anayekuletea makavu, naye msimu ujao atakauka kukuletea mengine.

Jioni ya leo andikeni gharama zenu, mzigawe kwa kilo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Dalali akija kesho, mkute na namba yako.