HABARI ZA WANYAMA: CHATU NA NUNGUNUNGU

Kila mwenye shamba la mihogo katika nchi ya Bondei, au kando ya mto Pangani, amjua nungunungu. Mchana hulala shimoni. Usiku hutoka akafukua mihogo, na asubuhi mwenye shamba hukuta mashimo na miiba michache iliyodondoka. Wengine husema ya kuwa mnyama huyu huitupa miiba yake kama mishale. Sivyo. Miiba ni nywele zilizokuwa ngumu, nayo huchomoka upesi ikimpata adui. Naye humwendea adui kinyumenyume ili amchome. Hata simba wamekufa kwa majeraha ya miiba hiyo.

Lakini yuko awezaye kummeza mzima mzima, naye ni chatu. Awezaje?

Chatu hana sumu, wala hafukuzi mbio. Hulala kimya penye njia ya wanyama, akinusa kwa ulimi. Na katika midomo yake mna vitundu vidogo vitambuavyo joto la damu hata gizani. Mnyama akikaribia, humkamata kwa meno yaliyopinda kuelekea nyuma, akamzungushia mwili na kumkaza. Zamani ilidhaniwa ya kuwa akazwaye hufa kwa kukosa pumzi tu. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walimpima nyoka mwingine akazaye vivyo hivyo, wakaona ya kuwa damu yenyewe huzuiwa upesi isitembee.

Kisha chatu hutafuta kichwa, na hapo ndipo ilipo siri. Miiba ya nungunungu yaelekea nyuma. Akimezwa kwa kuanzia kichwani, hulala kama nyasi zilizopigwa na upepo. Taya la chini la chatu lina pande mbili, zimeungwa mbele kwa kano zivutikazo, si kwa mfupa. Na njia yake ya pumzi husogea mbele kinywani asipate kusongwa. Nyama na mifupa huyeyuka tumboni, bali miiba hutoka na choo.

Hata hivyo shibe hiyo ina hatari. Mwaka 2015, katika hifadhi ya Lake Eland huko Afrika Kusini, alionekana chatu wa karibu mita 4 aliyevimba mno, na watu wengi wakaenda kumtazama. Baadaye alikutwa amekufa chini ya mwamba; tumboni mlikuwa na nungunungu wa kilo 13.8, na miiba imemtoboa. Huenda kuanguka ndiko kulikoisukuma.

Basi, wazazi na waalimu, wakatazeni watoto wasimchokoze chatu aliyeshiba. Akisumbuliwa hukitapika chakula chake ili apate kukimbia, naye ana nguvu za kumdhuru mtoto. Mbuzi na kuku wafungieni vizuri usiku, maana hao pia huwapenda. Lakini mkimwona amelala porini, tumbo limejaa, mwacheni na mpite mbali. Labda aliyemo humo ndiye mwizi wa mihogo yenu.