Usingoje kanjo abishe mlangoni: Mswada wa Fedha wa Kaunti ndio wako

Unakumbuka Juni 2024, sivyo? Mswada wa Fedha wa serikali kuu ulikuwa kwenye simu ya kila mtu. Vijana ambao hawakuwahi kufungua waraka wa serikali walikuwa wakibishana kuhusu VAT ya mkate na ushuru wa magari. Juni 25 waandamanaji wakaingia Bunge, wenzetu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Sasa nikuulize swali dogo. Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nakuru umewahi kuusoma? Hata ukurasa mmoja?

Kama jibu ni hapana, hauko peke yako. Lakini tuseme uko hapa Kabazi na umeweka akiba ufungue kinyozi, au duka la M-Pesa, au chumba kidogo cha kuuzia maziwa. Pesa ya leseni utakayolipa haikuamuliwa kule Nairobi. Ada ya kuidhinisha ramani ya nyumba yako pia haikuamuliwa huko, wala sesi unayotozwa ukisafirisha mahindi. Zote ziko kwenye sheria ya fedha ya kaunti, ile ambayo hupitishwa wengi wetu tukiwa tunatazama kwingine.

Kwanza, tuondoe mkanganyiko mmoja. Bado tunasema "kanjo" kana kwamba mabaraza ya zamani yapo. Hayapo tangu 2013, ugatuzi ulipoanza. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji lina bodi yake, lakini bodi hiyo haikupangii wewe wa Kabazi ada ya leseni. Anayependekeza ada ni waziri wa fedha wa kaunti. Wanaopitisha ni madiwani wa bunge la kaunti. Nakuru ina wadi 55, na Kabazi ni mojawapo, pamoja na Subukia na Waseges katika eneobunge letu la Subukia. Kwa hivyo una diwani mwenye kura ndani ya ukumbi huo.

Mambo huendaje? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeeleza waziwazi. Kila mwaka wa fedha, waziri hutangaza njia za kukusanya mapato, na siku hiyo hiyo huwasilisha mswada bungeni. Baada ya bunge kupitisha sheria ya matumizi, lina siku zisizozidi 90 kuuidhinisha mswada wa fedha, pamoja na mabadiliko au bila. Kwa kuwa bajeti hutakiwa kupita kabla ya Juni kwisha, hesabu yako ni rahisi: Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kukaa macho. Ukija Januari kulalamika kwamba leseni imepanda, umechelewa, ndugu yangu. Januari ni ya kulipa.

Na usidhani kikao cha umma ni hisani ya mtu. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi, na cha 201 kinasema hivyo hivyo kuhusu masuala ya fedha. Kaunti ya Kiambu ilijifunza kwa njia ngumu. Ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013, wakazi wakaenda kortini, na Aprili 2014 Jaji George Odunga akaifuta kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ikaanguka, si kipengele kimoja tu.

Lakini hapa ndipo sisi vijana huteleza. Tukifika kwenye baraza, tunasimama na kusema, "Ada ziko juu, punguzeni!" Watu wanapiga makofi, karani anaandika, kisha hakuna kinachobadilika. Kwa nini? Kwa sababu sheria hiyo hiyo inaiambia kamati ya bunge kwamba mapendekezo yake lazima yalingane na mpango wa mapato ulioidhinishwa. Ukitoa shilingi hapa, utaulizwa itatoka wapi kwingine. Kelele peke yake haijibu swali hilo.

Sheria pia inaipa kamati vipimo vya kufuata: usawa, uhakika, urahisi wa ukusanyaji, na athari kwa maendeleo, uwekezaji na ajira. Hivyo ndivyo silaha zako. Chukua jedwali la leseni. Kwa kawaida biashara hupangwa kwa aina, idadi ya wafanyakazi, ukubwa wa chumba na mahali ilipo. Uliza: kinyozi chenye kiti kimoja Kabazi kimewekwa daraja gani? Kinalipa sawa na cha katikati ya jiji chenye viti sita? Kama ndivyo, hilo ni suala la usawa, na unaweza kupendekeza daraja la chini kwa vituo vya mashambani na la juu kidogo kwa biashara kubwa. Hapo umetoa hoja na umejibu swali la pesa kwa wakati mmoja.

Uliza pia unalipia nini. Katiba, kifungu cha 209, inairuhusu kaunti kutoza ada kwa huduma inazotoa. Basi kama unalipa ada ya soko, taka zinazolewa lini? Choo kiko wapi? Andika hivyo hivyo kwenye maoni yako.

Na usinielewe vibaya, sisemi vibali vyote ni wizi. Hapa Kabazi hatuko mbali na Solai. Usiku wa Mei 9, 2018 bwawa lilipasuka huko na kuua watu zaidi ya 40. Vibali vya mabwawa si kazi ya kaunti, lakini funzo ni lilelile: ukaguzi ukipuuzwa, maskini wa bondeni ndiye hulipa. Tunachodai ni kwamba anayetoza ada ya ujenzi aje kweli akague msingi, asikupe risiti tu.

Kuhusu ujenzi, jua hili moja. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema ukiomba kibali na upitishe siku 60 bila jibu la maandishi, unachukuliwa kuwa umekubaliwa. Kwa hivyo wasilisha ombi lako rasmi, na utunze nakala yenye muhuri na tarehe. Bila hiyo, utahesabu siku zako mbele ya nani?

Ufanye nini basi? Mkiwa watano au kumi kwenye chama chenu, ombeni nakala ya mswada kwa diwani au kwa msimamizi wa wadi. Msisome wote, someni jedwali linalohusu kazi yenu. Andikeni ukurasa mmoja: ada ya sasa, inayopendekezwa, mnayotaka nyinyi, na sababu. Upelekeni kwa karani wa bunge na mdai muhuri kwenye nakala yenu. Na kama mswada ulishapita, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinakupa haki ya kuwasilisha ombi bungeni sheria irekebishwe.

Juni 2024 tulionyesha kwamba tunaweza kusoma mswada. Huu wa kaunti, anayeupigia kura unamjua kwa jina, pengine hata kwao unapajua.