Wanaapa kwa Ungamo Wasilolisoma

Anaposimikwa mzee wa kanisa la Kipresbiteri, huulizwa mbele ya washirika kama anayakubali mafundisho ya kanisa lake, naye huitikia kwa sauti ya kusikika hadi nje. Aulizwe baadaye Ungamo la Westminster, lenye mafundisho hayo, linasema nini. Wengi watatazama chini. Ahadi ni deni, na deni hili limewekwa mbele za Mungu.

Ungamo hilo, lenye sura 33, lilikamilishwa London mwaka 1646. Wapresbiteri wa Kenya walilirithi kwa wamisionari wa Uskoti, nchi ambako vizazi vya watoto vilikariri Katekisimu Fupi ya Westminster, maswali 107. Leo mtu mzima mwenye wadhifa hajui hata la kwanza! Aibu iliyoje.

Tena maungamo mengine ya ukoo huu wa imani hayakuandikwa na watu walioshiba. Guido de Brès aliandika Ungamo la Ubelgiji mwaka 1561, Waprotestanti wakisakwa na serikali ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Nakala yake ilirushwa usiku juu ya ukuta wa ngome ya Tournai ili wakuu waisome. Mwaka 1567 de Brès alinyongwa. Karibu na nyumbani, kanisa la waumini ambao serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliwaita machotara lilipitisha Ungamo la Belhar mwaka 1986, likikataa katakata kutenganisha Wakristo kwa rangi.

Washirika si wavivu. Ndio wanaojenga makanisa kwa michango yao, na wanakwaya wao hukariri beti kumi bila kutazama karatasi. Bidii ipo, waongozaji ndio wamelala. Matokeo yake, akija nabii na chupa za maji ya upako, waumini humfuata kama bendera na upepo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini mbachao wenyewe haujawahi kutandikwa.

Wakiulizwa, viongozi husema muda hautoshi. Muda upo: umeliwa na matangazo! Harusi, harambee, salamu za mheshimiwa aliyechelewa kufika. Mahubiri hubanwa pembeni.

Tiba ipo. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, ya ukoo huo huo wa imani, iligawanywa katika Jumapili 52, mwaka mzima. Kila kikao cha wazee kianze na fungu moja, lisomwe na kujadiliwa kabla ya hesabu za sadaka. Na mteule asiyeweza kulieleza ungamo kwa maneno yake mwenyewe asisimikwe mwaka huo. Arudi darasani pamoja na vijana wa kipaimara.