Fundi, pima kwanza, piesi nyuma

Motokari ikianza kutoa moshi mweusi na kunywa esansi kupita kawaida, hapa kwetu Kasomeno jibu la kwanza ni moja: "Pompi imekufa." Pompi inanunuliwa, moshi unabaki. Kiisha tunaambiwa ni buji. Buji zinanunuliwa, moshi unabaki. Halafu wanageukia injektere. Mwishowe mwenye motokari amelipia piesi za namna tatu, na ile yenye ugonjwa ingali pale pale juu ya motere, hakuna aliyeigusa.

Maoni yangu ni haya: fundi asimtume mtu kununua piesi yoyote ya njia ya esansi kabla hajapima presha. Na sisi tunaopeleka motokari garajini tukubali kulipia kazi ya kupima.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Motokari zinazotoka Lubumbashi kwenda Kasenga, na nyingine zinazoelekea Pweto, zinapita hapa. Zinabeba samaki wa Luapula, unga, wagonjwa na wanafunzi. Taksi ikilala siku mbili kwa kungoja piesi kutoka Lubumbashi, samaki wa mama wanaoza, na shofere bado anadaiwa feza ya mwenye motokari. Piesi ikifika na kumbe siyo yenyewe, safari inaanza upya. Kwa mtu wa mjini kukosea piesi ni hasara ya saa chache. Kwa mtu wa hapa ni hasara ya juma zima.

Piesi ninayoitetea leo ni ndogo, inaenea katika kiganja cha mkono. Mafundi wanaiita regilatere. Katika motokari nyingi za esansi za zamani, iko mwisho wa bomba linalogawia injektere esansi. Ndani yake mna springi na ngozi nyembamba. Pompi inaleta esansi nyingi kuliko ile motere inayohitaji. Regilatere inaacha ile inayotakiwa na kurudisha nyingine katika tangi. Juu yake kuna diriti nyembamba inayoleta mvuto wa hewa kutoka motere. Motere ikipumzika, mvuto ni mkubwa na presha inashuka. Ukikanyaga, mvuto unapungua na presha inapanda.

Ile ngozi ikipasuka, esansi inapita katika diriti na kuingia moja kwa moja ndani ya motere. Hapo ndipo unaona moshi mweusi, buji nyeusi kama makala, harufu ya esansi, na motokari inayokataa kuwaka ikiwa bado ya moto. Mbaya zaidi, esansi inaosha mafuta ya motere kwenye silinda na kushuka chini. Ukichomoa kijiti cha kupimia mafuta, unasikia harufu ya esansi, pengine kipimo kimepanda bila wewe kuongeza kitu. Mafuta yakilainika namna hiyo, motere inajila yenyewe. Piesi ndogo inaua motere nzima.

Lakini alama hizo peke yake hazitoshi kuhukumu. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara yetu inaweza kuleta moshi mweusi. Injektere inayovuja vilevile, na kifaa kinachopima joto la motere kikidanganya ni hivyo hivyo. Na motokari ikikosa nguvu, labda pompi imechoka kweli, labda filta ya esansi imejaa uchafu wa bidoni za Kadhafi wetu wa barabarani. Ndiyo sababu ninasema: pima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Zima motere, uiache ipoe, kisha chomoa ile diriti nyembamba kwenye regilatere. Ndani panapaswa kuwa pakavu. Ukikuta esansi mbichi, ngozi imepasuka, na hukumu imekwisha. Kama ni pakavu, angalia kwanza kama diriti yenyewe haikupasuka, kisha chukua manometere.

Kwa Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye motere 4A-FE au 7A-FE, motere ikiwa inapumzika na diriti imechomolewa na kuzibwa, presha inapaswa kuwa kati ya kilo 2,7 na 3,1. Ukirudisha diriti, inashuka hadi kati ya kilo 2,1 na 2,6. Kama sindano haisogei hata kidogo na mvuto wa hewa upo, regilatere haifanyi kazi. Kama presha iko juu sana, usikimbilie kuibadilisha: angalia kwanza kama bomba la kurudishia esansi halikuziba. Kama iko chini, fundi anabana kidogo sana sehemu ya mpira ya bomba hilo, kwa sekunde moja au mbili tu. Presha ikiruka juu, pompi ni nzima na regilatere ndiyo inaachilia. Isipopanda, hapo sasa tafuta kwenye filta na pompi.

Mwisho, zima motere na ungoje dakika 5. Sindano inapaswa kubaki kilo 1,5 au zaidi. Ikianguka mbio, kuna mahali panapovuja: regilatere, injektere, au vali ya ndani ya pompi.

Motokari mpya kidogo, kama Vitz na IST zenye motere za NZ, hazina diriti hiyo. Regilatere yao iko ndani ya tangi pamoja na pompi, na presha inakaa kati ya kilo 3,1 na 3,5 wakati wote. Fundi anayetafuta diriti juu ya motere ya IST anapoteza saa yake na feza yako.

Na jambo moja tusilifanyie mzaha. Garaji zetu nyingi ziko chini ya mwembe, na hatua chache kutoka hapo mama anachoma mihogo kwenye mbabula. Mvuke wa esansi hauonekani, lakini unatembea chini mpaka kwenye moto. Kabla ya kufungua bomba lolote, presha itolewe, betri ikatwe, sigara izimwe, mbabula isogezwe mbali. Watoto pia.

Ninajua majibu ya mafundi. Papa fundi wa miaka 30 ya kazi atasema sikio lake linatosha. Ninaheshimu sikio hilo. Linasikia kwamba motere inaumwa, lakini haliwezi kusoma kilo 2 au kilo 3. Mwingine atasema manometere ni bei kali. Kweli, kwa mtu mmoja. Lakini akina mama sokoni wananunua sufuria na vitenge kwa likelemba; mafundi wanne au watano wanashindwaje kununua manometere moja na kuizungusha?

Jibu la tatu ndilo zito, nalo linatugusa sisi wateja. Fundi anasema: "Nikipima, hakuna anayenilipa. Nikiweka piesi, ninalipwa." Hapo ana haki. Tunataka kuona chuma kipya kabla ya kutoa feza, na mtu aliyetumia saa moja kutafuta ukweli tunamwambia aksanti tu. Sisi wenyewe tumemfundisha kubahatisha. Hospitalini tunalipia kipimo cha malaria kabla ya dawa. Kwa motokari tunataka dawa bila kipimo.

Kwa hiyo ninapendekeza mapatano matatu. Kazi ya kupima iwe na bei yake, inayojulikana mbele. Fundi amwonyeshe mteja sindano au diriti yenye esansi kabla ya kumtuma Lubumbashi kununua kitu. Na piesi ya zamani irudishwe mikononi mwa mwenye motokari, ili ajue kweli imetolewa. Vijana wanaojifunza garajini waone mambo haya kila siku, yawe desturi yao.

Barabara ya Kasomeno-Mwenda na daraja juu ya Luapula vitaleta motokari nyingine nyingi kutoka Zambia. Shofere wageni watasimama hapa kwetu wakiwa na shida. Fundi atakayewapimia kabla ya kuwauzia ndiye watakayemtafuta siku nyingine. Yule wa kubahatisha watamwona mara moja tu.