Waliokariri "Mikasi" Wasituhubirie Ujumbe

Redio ikipiga ngoma yoyote ya miaka ya mwanzo ya 2000, hukosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema: "Enzi zile muziki ulikuwa na ujumbe. Hawa wa leo ni matusi na starehe tu." Kauli hii imerudiwa mpaka hakuna anayeihoji. Wazazi wanaiamini, watangazaji wanaiamini, hata wasanii wakongwe wanaisema wakijua fika walichokuwa wakirekodi wenyewe.

Ni uongo, na wa kuukanusha ni Ngwair.

Ngwair, yaani Albert Mangweha, kijana wa kundi la Chamber Squad la Dodoma, alitoa "Mikasi" akiwa na Ferooz na Mchizi Mox, ikawa moja ya nguzo za albamu yake ya A.K.A. Mimi ya mwaka 2004. Utafute ujumbe humo ndani. Kuna pombe, kuna bangi, kuna wanawake, na kuna vijana watatu wanaojisifia vyote bila kumwomba mtu radhi. Nchi iliupokeaje wimbo huo? Iliukariri. Ngwair alipofariki Afrika Kusini Mei 2013, umati ulifurika viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kumuaga, kabla hajazikwa Morogoro. Sikumbuki aliyesimama kusema kwamba marehemu alipotosha maadili. Aliitwa bingwa wa mitindo huru, naye alikuwa bingwa kweli.

Ferooz huyo huyo, katika kipindi hicho hicho, ndiye aliyetoa "Starehe" akiwa na Professor Jay: simulizi ya mtu aliyeponda raha mpaka akaambukizwa Ukimwi. Sauti ile ile iliyosindikiza raha za Ngwair ndiyo iliyotutoa machozi kwa majuto ya mgonjwa. Wasikilizaji walizipenda zote mbili. Leo "Starehe" inatolewa kama ushahidi wa enzi njema, na "Mikasi" inasahauliwa kwa muda, mpaka harusi ianze na DJ aiweke.

Tena tusiupambe ujumbe wenyewe. "Starehe" haikushuka kutoka mbinguni kwa sababu wasanii wa wakati ule walikuwa na roho safi kuliko wa sasa. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 ulikuta watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya Ukimwi. Tume ya kudhibiti ugonjwa huo, TACAIDS, ilikuwa imeanzishwa 2001 tu, na dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutolewa bure hospitalini. Misiba ilikuwa kila mtaa. Msanii aliimba kilichokuwa kinawaua jirani zake. Isitoshe, rap ilikuwa bado inaitwa muziki wa wahuni, na kijana aliyetaka kaseti yake iingie sebuleni kwa mzee alijua kwamba wimbo wa mafunzo ndio unaofungua mlango. Sikatai kwamba kazi ilikuwa nzuri. Nakataa kuambiwa kwamba kizazi kizima kilikuwa cha walimu. Kizazi hicho hicho kilimpa Mr Nice na mtindo wake wa Takeu umaarufu wa kutisha, na "Fagilia" yake haikuwa hotuba.

Kosa la pili la walalamikaji ni ulinganisho wao. Wanachukua rap ya jana, "Ndio Mzee" ya Professor Jay kwa mfano, ile ya 2001 iliyomvua nguo mwanasiasa wa ahadi hewa, wanaiweka mbele ya wimbo wa mapenzi wa Zuchu, kisha wanatangaza kwamba muziki umekufa. Zuchu haimbi rap wala hajawahi kudai. Kilichobadilika ni nani yuko mbele: wakati ule alikuwa mchanaji, sasa ni mwimbaji. Mchanaji ana mistari mingi ya kusimulia kisa kizima. Mwimbaji anaishi kwa kiitikio. Ukitaka kupima rap ya jana, ipime na rap ya leo. Wasikilize Nikki Mbishi, Nash MC, Fid Q, Roma na Stamina. Wote hao wameandika mambo mazito, na wengi wanaolilia ujumbe hawawezi kutaja nyimbo zao mbili.

Na hapa ndipo unafiki unapokera. Msanii akileta huo ujumbe, tunamfanyia nini? Machi 2017 mchanaji Nay wa Mitego alitoa "Wapo", akakamatwa na wimbo ukafungiwa, mpaka Rais Magufuli mwenyewe aliposema aachiwe na wimbo upigwe. Wimbo wa kukosoa wakubwa ulihitaji ruhusa ya mkubwa kuliko wote. Mwaka 2024 Nay akarudi na "Nitasema" pamoja na Raydiace, kolabo iliyogusa utekaji wa watu, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likamwita ajibu tuhuma. Sasa jiulize kama "Ndio Mzee" ingetoka leo, ni mtangazaji gani angeipiga saa mbili asubuhi.

Najua nitajibiwa kwamba redio za leo zimejaa mapenzi na viuno. Ni kweli. Lakini redio inapiga kinachoombwa na kisichowaletea wenyewe barua ya onyo. Anayeomba ni msikilizaji. Anayeandika barua ni mamlaka. Kumsukumia lawama zote kijana mwenye kalamu na biti ni kumwonea aliye mnyonge kuliko wote katika mlolongo huo.

Kwa hiyo, ndugu mlalamikaji, pendekezo langu ni dogo. Endelea kuipenda "Mikasi". Ni ngoma kali na hakuna sheria inayotaka kila wimbo uwe darasa. Ila ukisema unautaka ujumbe, piga simu redioni uuombe kwa jina la msanii na la wimbo. Lipa kiingilio kwenye onyesho lake. Na siku akiitwa kuhojiwa mbele ya meza ya wakubwa, sema hadharani kwamba wimbo ule uliutaka wewe.