Sebule ya Mkopo



Wapendwa wanaparokia, juma hili nataka kusema juu ya makochi. Najua wapo watakaouliza tangu lini padre akaingilia mambo ya sebuleni kwa watu. Ameingilia tangu makochi yalipoanza kuamua Jumuiya isali nyumba ipi na isisali ipi.

Maaskofu wa AMECEA walipokutana mwaka 1973, na tena mwaka 1976, walikusudia Kanisa katika nchi zetu lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: majirani wakutane, wasome Neno la Mungu, wajuliane hali. Hawakuweka sharti la viti. Sharti hilo tumeliongeza sisi. Zamu yake inapokaribia, mama anaomba arukwe. Anasema ana safari, au mtoto anaumwa. Majirani wote wanajua hana safari. Ana sakafu iliyopasuka na mabenchi mawili, na Jumamosi iliyopita tulisali kwa mwenye televisheni ya ukutani. Mwingine haombi kurukwa, anakopa. Anachukua ile mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, analeta seti ya makochi, Jumuiya inasali na kumsifia, na baada ya miezi michache mkopeshaji anakuja na gari kuyabeba mbele ya watoto.

Tunadanganyana kwamba uzuri wa nyumba hununuliwa dukani. Sisi tunaozunguka kubariki nyumba tunayaona matokeo yake. Chumba cha hatua nne kina makochi ya kukalia watu saba, hakuna pa kupitisha mguu. Maua ya plastiki yamekaa na vumbi la mwaka juzi. Kabati limejaa vyombo ambavyo wenye nyumba hawajawahi kulia. Watoto wanaketi chini wasije wakachafua, na Msalaba umetundikwa nyuma ya mlango kwa kuwa ukuta mzuri umechukuliwa na televisheni. Nyumba hiyo haikupambwa, imejazwa.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mwanamke wa Shunemu alikuwa mtu mwenye uwezo, Maandiko yanasema hivyo wazi. Alipotaka kumkaribisha nabii Elisha alijenga chumba kidogo darini, akaweka kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne! Mwenye mali aliona vinatosha kwa mtu wa Mungu, nasi tusio na mali tunaona havitoshi kwa mwenyekiti wa Jumuiya.

Lakini sikubaliani pia na wale wanaosema kwa sauti ya kichungaji kwamba maskini atafute kwanza unga, mambo ya urembo hayamhusu. Hayo ni maneno ya watu wenye mapazia. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, namba 148, aliwasifu watu ambao majengo yao kwa nje yamechakaa ilhali ndani wanayatunza kwa uangalifu mkubwa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ukizungumzia sanaa takatifu mwaka 1963, ulitaka uzuri wenye heshima utangulie mbele ya anasa. Kama kanuni hiyo yafaa kwa altare, yafaa na kwa sebule. (Nasi mapadre tuisikie, kwa yale makanisa tunayoyavisha riboni kama ukumbi wa harusi.)

Basi tusemezane kwa vitendo. Ukuta ambao haujapakwa rangi ya mafuta, upakwe chokaa. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ndoo ya rangi. Iloweke usiku kucha, ichuje, tia chumvi kidogo ipate kushika, lowesha ukuta, kisha paka mikono miwili au mitatu myembamba, ukiyakinga macho kwa maana chokaa huunguza. Chumba chenye dirisha moja dogo kitaonekana kimepanuka kabla hujaleta kiti. Doti moja ya kanga ni vipande viwili: una mapazia ya dirisha, yenye rangi ambazo hakuna pazia la dukani litakalozishinda. Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa miyaa ya rangi hupendeza kuliko zulia linalonusa unyevu masika yote. Vitambaa vya kudarizi akina mama wa WAWATA wanaviweza, wafundisheni mabinti. Kopo la rangi lililooshwa, likatobolewa chini na kupandwa ua, ni bustani. Na pembe moja safi iwe ya sala: meza ndogo, kitambaa cheupe, Msalaba, Biblia, mshumaa. Toa vitu kwanza, ndipo ufikiri cha kuongeza. Nyumba nyingi zingependeza leo hii kwa kupunguza tu.

Viongozi wa Jumuiya, ratiba ya miezi mitatu ijayo ifuate mpangilio wa nyumba, mlango kwa mlango, bila kuruka. Kwa katekista ipo mikeka minne mikubwa. Ataipeleka kila nyumba yenye zamu, ya mwenye makochi na ya asiye nayo, na sote tutaketi chini, nami nikiwemo.