Beni-Butembo: Labo inajuaje kama ni Ebola ao hapana?

Tangu Ebola itangazwe kwetu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, kuna neno ambalo halijatoka midomoni mwa wakaaji wa Beni na Butembo: « Juzi labo ilisema hapana, leo inasema ndiyo. » Wengi waliona humo uongo, zaidi sana wakati uchaguzi wa mwisho wa 2018 ulipoahirishwa kwetu kwa sababu ya ugonjwa na usalama mbaya. Mwezi wa pili 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Ugonjwa ulipotangazwa umeisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa.

Basi, labo inatafuta nini katika damu?

Virusi vya Ebola vinabeba maagizo yake yote katika uzi mwembamba unaoitwa ARN. Macho hayawezi kuuona. Njo maana wanasayansi wanatumia alama ya kemia. Masini ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, inanakili kwanza ARN kuwa ADN, kisha inazidisha nakala hizo mara nyingi sana. Ndani ya kasha yake kuna vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa kemia, vyenye rangi inayong'aa na kitu kinachoizima. Kipande kikikuta mwandiko wa Ebola, rangi inaachana na kizimio chake, mwanga unatoka, masini inaupima. Malaria haiwezi kuwasha mwanga huo. Masini inatafuta sehemu mbili za virusi, na jibu linatoka kwa karibu saa moja na nusu.

Sasa, ile « hapana » inageukaje « ndiyo »? Siku za kwanza za homa, virusi vinaweza kuwa vichache sana katika damu. Masini haipati cha kuwasha. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa mapema, kabla ya siku tatu za dalili, anapaswa kupimwa tena. Kipimo cha pili si mtego, ni sehemu ya kazi. Lakini mara nyingi familia zilipewa jibu bila maelezo hayo, na uvumi ukajaza nafasi.

ARN ilitueleza jambo lingine pia. Ebola iliporudi upande wa Butembo mwezi wa pili 2021, kisha Beni mwezi wa kumi, INRB ilisoma mwandiko wa virusi: vilitokana na ugonjwa wa 2018-2020, havikutoka upya porini. Virusi vinaweza kubaki muda mrefu katika mwili wa aliyepona, kama katika manii, bila yeye kujua. Hilo si kosa lake. Anahitaji kufuatiliwa na waganga, si kunyooshewa kidole na majirani.

Ndugu msomaji, siku mtu wako akipimwa, uliza maswali mawili: damu imechukuliwa siku ya ngapi ya ugonjwa? Atapimwa tena lini? Ni haki yako kujibiwa.